Masumbwi: Kona, damu na mitindo

SWALI: Ninasaidia kona (wanaomhudumia bondia kati ya raundi) ya bondia mmoja hapa Katuba, Lubumbashi. Akikaa, tunamsemesha watu watatu, lakini raundi inayofuata anapigana vilevile. Kosa ni nini?

JIBU: Ni hao watatu, ndugu. Mapumziko ni dakika moja. Toa sekunde za kutembea hadi kwenye kigoda na zile kumi za mwisho, mnapoamriwa kutoka, hazizidi arobaini. Kigoda kiingie ulingoni kengele inapolia tu. Toeni kinga ya meno muisuuze, na bondia aachwe avute pumzi mbili tatu, maana mtu anayehema hasikii. Maji ni funda la kusukutua na kutema, halafu kidogo la kumeza.

Hapo ndipo azungumze mtu mmoja, atoe amri moja inayotendeka. “Changamka!” si amri, ni kelele. Bondia Mjerumani Max Schmeling aliona kwamba Mmarekani Joe Louis anaushusha mkono wa kushoto kila anapourudisha, akawa anapitisha ngumi ya kulia juu yake. Juni 1936 alimwangusha Louis raundi ya 12 kwa jambo hilo moja.

Nyusi ikichanika, kausheni kwanza, kisha bonyezeni ndani ya jeraha kijiti cha pamba chenye adrenalini 1:1000 (dawa inayobana mishipa ya damu), bila kuachia hadi mnapoitwa kutoka. Ukiinua kila mara kuchungulia, unang’oa damu iliyoanza kuganda. Vazelini hupakwa mwisho. (Dawa hiyo, mwonyesheni daktari wa pambano mapema, si kila kanuni inairuhusu.) Uvimbe unabonyezwa kwa chuma kilichokaa kwenye barafu. Msiusugue, utasambaa.

SWALI: Joe Frazier alimshinda Muhammad Ali, George Foreman akamponda Frazier. Mbona Ali akamshinda Foreman? Msomaji, Kamalondo.

JIBU: Nguvu haihesabiwi kama kilo za unga. Frazier aliingia ameinama, akirusha ngumi ya pembeni ya kushoto. Ali alizoea kukwepa kwa kurudisha kichwa nyuma, na ngumi hiyo ilimkuta huko huko. Mtindo ule ule ulimpeleka Frazier moja kwa moja kwenye ngumi za Foreman za kutoka chini: Kingston, Januari 1973, alianguka mara sita katika raundi mbili. Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Ali aliegemea kamba na kumwacha Foreman achoke, akammaliza raundi ya 8. Watu husimulia kamba tu, wakisahau ngumi za kulia zilizonyooka alizoanza nazo raundi ya kwanza, na jinsi alivyomkandamiza shingo kila walipokumbatiana.

SWALI: Ni kweli mzaliwa wa Lubumbashi amewahi kuwa bingwa wa dunia?

JIBU: Kweli, Sumbu Kalambay, aliyezaliwa 1956 na kupigania Italia. Oktoba 1987 alimshinda Iran Barkley kwa pointi na kutwaa mkanda wa WBA (chama cha masumbwi cha dunia) wa uzito wa kati, kwa wepesi wa miguu na ngumi ya mkono wa mbele. Machi 1989 Michael Nunn, bondia wa mkono wa kushoto (husimama mguu wa kulia mbele), alimlaza raundi ya kwanza kwa ngumi moja. Ukikutana na wa aina hiyo, mguu wako wa mbele ukae nje ya wake. Ukiwa ndani, ngumi yake ya kushoto imepata njia iliyonyooka.