Kenya au Tanzania: wapi maisha yana nafuu?

Ndugu uliyeuliza ukaishi Kenya au Tanzania, anza na chakula. Kenya hununua mahindi, mchele na vitunguu vingi kutoka Tanzania, na vikishavuka Namanga bei inapanda. Kwa mwenye kipato kidogo hilo lina uzito kuliko takwimu zote.

Kwa pato la kila mtu Kenya iko mbele, na ajira za teknolojia na mashirika ya kimataifa ziko nyingi zaidi Nairobi.

Kodi ya nyumba ndiyo watu hawaambiwi mapema. Nairobi unalipa mwezi kwa mwezi pamoja na dipoziti. Dar mwenye nyumba mara nyingi anataka miezi sita mkupuo, wengine mwaka mzima, kwa hiyo mgeni aje na akiba.

Shule za serikali Tanzania zilifuta ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na hadi cha sita 2022. Kenya, sekondari ya bweni bado inalipiwa, na inaumiza familia nyingi mno.

Ningekuwa na ajira ya uhakika ningekwenda Nairobi. Kwa biashara ndogo na watoto wa kusomesha, Arusha au Mwanza.