Kisu au kamera? Kwa kijana anayeanza kutoa mishipa ya mguu

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana aliye kwenye mafunzo ya upasuaji wa moyo. "Shikamoo daktari. Mwezi ujao naanza kutoa mishipa ya mguu kwa ajili ya baipasi. Nijifunze kisu kwanza au niende moja kwa moja kwenye kamera?" Baipasi ni kuupa moyo njia mpya ya damu: mshipa unatolewa mguuni, unashonwa moyoni ili damu ipite kando ya mshipa ulioziba. Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha usiku usingizi ukanipaa. Basi namjibu upya hapa, yeye na ninyi nyote mnaotamani siku moja kuhama upande wa mguu mkasimame upande wa kifua.

Mimi nilianza na kisu. Unapasua mguu kwa ndani, kuanzia kwenye kifundo kupanda hadi kinena, ukiufuata mshipa wa safena, uleule ambao René Favaloro, daktari kutoka Argentina, aliutumia Cleveland mwaka 1967 na kuifungulia dunia njia hii. Kila tawi unaliona kwa macho yako, unalifunga kwa uzi, unalikata. Kwa kumfundisha mtu kuuheshimu mshipa, sijaona darasa linalolipita hilo.

Kinachoumia ni mguu. Chini ya goti kuna neva iliyolala sambamba na mshipa. Ukiijeruhi, mgonjwa anabaki na ganzi ndani ya mguu. Na kidonda chenyewe ni kirefu mno. Kuna mama mmoja mwenye kisukari, mguu wake niliufungua mimi. Alirudi kliniki kifua kimefunga vizuri kabisa. Akapandisha gauni kidogo: mshono umefumuka chini ya goti, upana wa vidole viwili, chachi imegandia kwenye majimaji ya njano. Akaniambia, "Mwanangu, moyo nimeshausahau. Huu mguu ndio unanitesa." Siku hiyo ndiyo niliyoamua kujifunza kamera.

Kwa kamera unakata sentimita mbili au tatu tu karibu na goti, unaingiza kifaa, unajaza hewa ya kaboni dioksidi ili nafasi ipanuke kandokando ya mshipa, na matawi unayakata kwa moto huku ukitazama skrini. Inapendeza kuiangalia. Mimi niliipenda kupita kiasi, nikaanza kujipima kwa dakika.

Asubuhi moja nilivuta mshipa kabla tawi halijakatika sawasawa. Likachanika pale pale kwenye shina. Nikalishona, nikajaza mshipa maji kwa bomba la sindano kutafuta panapovuja, na kwa hofu nikasukuma kwa nguvu. Mkuu wangu akaupokea, akauviringisha kati ya vidole, akasema mbele ya chumba kizima: "Nimekuomba mshipa, umeniletea kamba." Tukafungua mguu wa pili, kwa kisu. Ni miaka mingi sasa, na sentensi ile haijanitoka. Alikuwa na haki ya kukasirika. Kusema vile mbele ya watu, hapana, na mpaka leo sijaona sababu ya kulikubali.

Lakini kuhusu mshipa alisema kweli. Ndani yake kuna utando laini sana, na ukiupanua kwa shinikizo kubwa au ukiuvutavuta, unaujeruhi kabla haujafika moyoni. Mwaka 2009 ulitoka utafiti ulioonyesha kwamba waliotolewa mshipa kwa kamera walikuwa na mishipa mingi zaidi ya kupandikizwa iliyoziba, na vifo zaidi ndani ya miaka mitatu. Wengi tukatetemeka. Ila wagonjwa wale hawakuwa wamegawanywa kwa kura kati ya njia mbili hizo, kwa hiyo huenda tofauti ilitokana na wagonjwa wenyewe. Waliogawanywa kwa kura ni wale 1,150 wa utafiti uitwao REGROUP, Marekani, matokeo yakachapishwa jaridani 2019: matatizo makubwa ya moyo hayakutofautiana kwa maana yoyote, asilimia 13.9 kwa kamera na 15.5 kwa kisu, huku maambukizi ya kidonda cha mguu yakiwa 1.4 dhidi ya 3.1. Na hapa ndipo vijana mnaparuka mkisoma: walioruhusiwa kushika kamera katika utafiti ule walikuwa wameshatoa mishipa zaidi ya mia moja kwa njia hiyo. Mia moja!

Kwa hiyo anza na kisu mpaka mkono uujue mshipa. Ukihamia kamera, usivute. Tawi likikataa, tulia, safisha lenzi, angalia tena, usivute. Hakikisha mgonjwa amepewa dawa ya heparini mapema, damu isije ikaganda ndani ya mshipa uliobanwa na hewa. Ukiujaza maji, sukuma polepole. Iko pia njia ya Wasweden ya kuutoa mshipa pamoja na mafuta yanayouzunguka bila kuupanua kwa nguvu. Naithamini, lakini kidonda cha mguu kinarudi kuwa kikubwa, nami bado namkumbuka yule mama.

Halafu acheni kuiita kazi hii ya mdogo wa chumba. Anayeshona kwenye moyo anashona ulichompa.

Kijana wangu, akija mgonjwa mnene, mwenye kisukari, ambaye mguu wake hautahimili mpasuko mrefu, huyo ni wa kamera, tena mikononi mwa aliyezoea. Kama bado hujazoea, mwambie mkuu wako kabla mgonjwa hajalazwa usingizi.