Upepo wa Singida: niliyoyaona zamu za usiku Naivasha

Mkuu, umeuliza: Kenya wana mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani, megawati 310, sasa Singida tunangoja nini na upepo ni wa bure? Nami nautaka ujengwe. Ila sikiliza kwanza.

Nimefanya zamu za usiku miaka kadhaa kwenye mtambo wa umeme wa mvuke upande wa Naivasha. Saa tisa usiku watu wamelala, viwanda vingi vimezima mashine. Kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, ndiyo kwanza upepo umekolea, maana unavuma zaidi usiku hadi alfajiri. Simu inalia kutoka wanakoongozea gridi: punguzeni. Tunafungua vali, mvuke unatoka ukinguruma, chai inatetemeka kikombeni. Mvuke uliofuatwa chini ya ardhi kilomita mbili na zaidi, kwa fedha za mkopo, unapotelea hewani. Sikuwahi kuzoea.

Mbona wasipunguze upepo? Mkataba. Umeme wa upepo unalipiwa hata usipochukuliwa, basi anayeongoza gridi huanza kuchukua ule atakaodaiwa vyovyote iwavyo.

Laini ya kusafirisha umeme huo nayo ilituuma. Mitambo ya upepo ilikuwa imeshajengwa 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 kuja Suswa, inakoungana na gridi, ikakamilika Septemba 2018. Upepo ukavuma bila faida mwaka mzima, na fidia ya kuchelewa ikahesabiwa.

Nyinyi mna nafuu kubwa. Njia kuu ya umeme ya Iringa hadi Shinyanga inapita hapo hapo Singida. Na mna Bwawa la Nyerere, mashine tisa za megawati 235 kila moja. Maji si kama mvuke wetu: upepo ukizidi mnapunguza mashine, maji yanabaki bwawani hadi saa moja jioni watu wanapowasha taa na pasi. Tena laini ya umeme kutoka Isinya, huku Kenya, hadi Singida imeshawashwa, ziada ina pa kwenda, ingawa usiku sisi nasi tunakuwa na ziada yetu, kwa hiyo msitutegemee sana saa hizo.

Basi mkiitwa kwenye kikao cha wananchi kuhusu mradi, msiishie kuuliza bei ya uniti. Ulizeni: saa tisa usiku, gridi ikiwa haiuhitaji umeme huo, nani analipa? Mwambieni mwenye mradi awaonyeshe kifungu chenyewe kwenye mkataba.