Maswali yenu: Kingereza cha GRE, maneno mengi na muda kiduchu

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja, ile Verbal ya GRE, yaani sehemu ya kusoma na msamiati kwenye mtihani wa wanaotafuta nafasi ya masta au PhD. Nimechagua chache, na zingine nimezikata kidogo manake zilikuwa ndefu kuliko pasaji zenyewe, yaani vile vifungu vya kusoma.

Shikamoo mwalimu. Nna listi ya maneno elfu tatu na ushee niliyopewa na jamaa aliyefanya mtihani zamani, nakariri hamsini kila siku ila nikifika wiki ya pili yale ya wiki ya kwanza yote yameshayeyuka. Listi yenyewe ina mazoezi ya vinyume, unapewa neno unatafuta kinyume chake. Mtihani ni miezi mitatu ijayo, niongeze spidi au?

Marahaba. Usiongeze spidi, punguza, na hayo mazoezi ya vinyume yaache leo hii. Maswali ya vinyume na yale ya ulinganifu wa maneno yalitolewa GRE toka Agosti 2011, jamaa yako alikusaidia kwa moyo safi ila mtihani alioufanya yeye haupo tena. Siku hizi hakuna swali linalokuwekea neno peke yake likakuuliza maana yake, kila neno linakuja limekaa ndani ya sentensi. Kuna ya kujaza nafasi, ambapo sentensi au aya fupi inakuwa na nafasi moja mpaka tatu, na kuna yale ya sentensi moja yenye nafasi moja na machaguo sita, unachagua mawili ambayo kila moja likiingia sentensi inabaki na maana ileile. Kwenye haya yote hakuna nusu alama, ukikosa nafasi moja kati ya tatu umekosa swali zima. Na ukiondoa hayo, karibu nusu ya maswali ni ufahamu, hapo listi haikusaidii sana.

Sasa tazama sentensi hii nimeitunga mwenyewe: "Though famously ______ in company, she wrote letters that ran to thirty pages." Kabla hujaangalia machaguo, sentensi imeshakuambia jibu. "Though" inasema kuna mgongano, barua za kurasa thelathini zinasema huyu mama ana maneno mengi kwenye karatasi, kwa hiyo mbele za watu lazima awe mkimya. Jisemee kimoyomoyo "mkimya", alafu ndo ushuke kwenye machaguo kutafuta "taciturn" au "reticent". Na hata kama "taciturn" hujawahi kuliona maishani, ukijua kwamba "garrulous" ni mpayukaji na "gregarious" ni mtu wa watu, umeshatupa mawili na nafasi yako ya kupata imekuwa kubwa. Wanaofeli maswali haya wengi wanaanza kwa kusoma machaguo, wanayajaribisha moja moja kwenye nafasi, na ukifanya hivo kila neno litaonekana linafaa faa.

Kwenye yale ya kuchagua mawili angalia mtego mmoja, wanapenda kuweka visawe viwili vinavyofanana kabisa ila haviendani na sentensi, mtu akiona mapacha anabofya fasta. Maana ya sentensi ndo ianze, mapacha baadaye.

Turudi kwenye listi. Maneno kumi mpaka kumi na tano kwa siku yanatosha, na kila neno liwe na sentensi yake. Kwamba tunasahau haraka sana siku za mwanzo sio udhaifu wako wewe, Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliliandika hilo toka 1885 baada ya kujifanyia majaribio mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana. Dawa ni kurudia kwa kuachia nafasi, kesho, alafu baada ya siku tatu hivi, alafu wiki, alafu wiki kadhaa, na lile unalolikosa linarudi mwanzo. Programu kama Anki inakupangia yenyewe, na kadi za karatasi kwenye maboksi zinafanya kazi hiyohiyo. Ila jikague kwa kuficha jibu, kupitisha macho kwenye listi huku unatikisa kichwa "hili nalijua, hili nalijua" ni kujidanganya.

Na kuna kundi moja ambalo ningeliweka juu ya listi yote, maneno unayodhani unayajua. Hapa ndo watu wanaumia kimyakimya. "Flag" unajua ni bendera, kwenye mtihani ni kuishiwa nguvu. "Husband" ni kutumia kitu kwa uangalifu kisiishe. "Want" ni ukosefu, "check" na "arrest" ni kuzuia kitu kisiendelee, "qualified praise" ni sifa yenye "lakini" ndani yake, sio sifa ya mtu mwenye cheti. "Sanction" ndo kiboko, inaweza kuwa kuruhusu na inaweza kuwa kuadhibu, sentensi ndo inaamua. Neno gumu usilolijua angalau unajua hulijui, haya yanakupitisha ukiwa na uhakika kabisa.

Habari mwalimu, mi shida yangu sio maneno, ni pasaji. Nasoma mara tatu, naelewa kila sentensi, ila nikifika kwenye swali sikumbuki hata ilikuwa inahusu nini na muda umeisha. Hasa zile za sanaa na historia, mi ni mtu wa uhandisi.

Salama. Barua yako nimeipenda manake jibu umeliandika mwenyewe, "naelewa kila sentensi". Umeelewa sentensi moja moja, hujafuata ubishi. Pasaji nyingi za GRE ni aya moja tu, chache ndo zinafika aya kadhaa, na karibu zote ni mabishano ya kistaarabu. Inaanza na watu walivyokuwa wanaamini, "historians have long assumed" na nini na nini, alafu inakuja "yet" au "however", hapo ndo mwandishi anaingia na lake, alafu ushahidi, alafu mara nyingi mwishoni anarudi nyuma kidogo kusema hata hilo wazo jipya lina mipaka yake. Ukishaona huo mchezo, iwe ni uchoraji wa karne ya 17 au bakteria wa chini ya bahari ni kitu kilekile.

Kwa hiyo unaposoma usijiulize sentensi hii inasema nini peke yake, jiulize imekuja kufanya nini hapa. Inapinga? Inatoa mfano? Inakubali kidogo ili ipinge zaidi? Wakikutajia majina ya kemikali matatu wala usihangaike nayo, we jua tu kwamba ni ushahidi wa yule mtafiti wa pili, wakiuliza utarudi, pasaji haiondoki kwenye skrini. Mtu wa uhandisi ndo anatakiwa awe mzuri kwa hili, manake ni kama kufuata hatua za uthibitisho wa hesabu, kila mstari una sababu ya kuwepo pale.

Ukimaliza, kabla hujagusa swali, jisemee sentensi moja kwa Kiswahili, hata kile cha kijiweni: "huyu anapinga kwamba fulani, kwa sababu fulani, ila anakubali fulani". Ukishindwa kuisema hujaelewa, rudi kwenye ile "however" usome tena pale tu, sio pasaji nzima. Na hizo sentensi ndefu zenye mikato mitano, tafuta kwanza nani anafanya nini, vile vipande vya katikati viache vining'inie utavirudia.

Sasa machaguo. Majibu ya uongo yanatengenezwa kwa ustadi na ukishazijua tabia zake unaanza kuyanusa. Kuna lile lenye ukali kupita kiasi, "only", "always", "entirely", wakati mwandishi alisema "often". Lingine ni la kweli duniani ila halipo kwenye pasaji, na hilo linawamaliza watu wanaojua somo lenyewe, mhandisi akikutana na pasaji ya fizikia anajibu kwa anachojua badala ya kilichoandikwa. Lingine nusu ya kwanza iko sawa kabisa, nusu ya pili ndo imechakachuliwa. Na baya kuliko yote kwangu ni lile linalobeba maneno yaleyale ya pasaji neno kwa neno ila limeyaunganisha kinyume, unaona maneno unayoyakumbuka unatulia, umekwisha. Swali likisema "infer" au "suggests" usiwe na mawazo mapana, wanataka kitu ambacho maandishi yanakulazimisha ukubali, hatua moja tu ndogo kutoka kwenye kilichoandikwa. Alafu kuna yale ya machaguo matatu ambapo jibu linaweza kuwa moja, mawili au yote, hapo kila moja lihukumu peke yake kama swali la ndio au hapana.

Mazoezi sasa. Pasaji mbili kwa siku kwa muda, alafu uzirudie bila saa na uandike kwa nini kila jibu la uongo ni la uongo. Hii ya pili ndo inayopandisha alama na ndo watu wanairuka, wanataka kufanya pasaji ishirini wahesabu walizopata wakalale. Tumia maswali ya ETS wenyewe ambao ndo wenye mtihani, wana mitihani miwili ya bure ya POWERPREP kwenye intaneti, mmoja fanya mapema ujue umesimama wapi, mwingine utunze kwa wiki za mwisho. Maswali ya watengenezaji wengine yanafaa kwa kuzoea ila ukikuta jibu lao unaweza kubishana nalo na ukashinda, usikose usingizi, tatizo linaweza kuwa lao.

Na nje ya mtihani soma makala ndefu za vitu usivyovipenda. Vitu usivyovipenda, narudia. Scientific American we utaisoma kwa raha, kwa hiyo chukua makala za sanaa au The Economist, au insha za zamani zilizopo bure Project Gutenberg, zile za karne ya 19 zina sentensi zinazozunguka mpaka unasahau zilianzia wapi, ni mazoezi mazuri sana ya pumzi.

Nikiwa sijui kabisa niache wazi au nibahatishe? Na naweza kurudi nyuma?

Bahatisha, hawakati alama kwa kukosa. Kurudi nyuma unaweza, unaweka alama kwenye swali na kulirudia, ila ndani ya sehemu hiyohiyo tu. Toka Septemba 2023 mtihani umefupishwa, Verbal ina maswali 12 kwa dakika 18, alafu maswali 15 kwa dakika 23, na ugumu wa ile ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza. Hesabu yake ni kama dakika moja na nusu kwa swali, kwa hiyo maswali ya sentensi yamalize chini ya dakika ili pasaji zipate pa kupumulia.

Mizizi ya Kilatini na Kigiriki inasaidia kweli au ni mbwembwe?

Inasaidia kidogo, kama msaada wa dharura. Ukijua "bene" ni wema na "mal" ni ubaya, "loqu" ni kusema, "cred" ni kuamini, utaokota maneno kadhaa njiani. Ila kuna maneno yamekaa kiushawishi tu. "Enervate" inanukia enaji, kumbe ni kumaliza mtu nguvu. "Noisome" haina kelele hata kidogo, ni kunuka vibaya. "Restive" sio mtu anayepumzika, ni asiyetulia, na "disinterested" ni asiyeegemea upande, sio aliyechoshwa na mada. Mzizi ukikuambia kitu na sentensi ikakuambia kingine, iamini sentensi.

Rafiki yangu anafanya GMAT, ule mtihani wa masta za biashara, mi GRE, tunaweza kusoma pamoja?

Ufahamu ndio, msamiati hapana. Kwenye toleo la GMAT lililokuja mwishoni mwa 2023 sehemu ya Verbal ni maswali 23 kwa dakika 45, ni pasaji na maswali ya kupima hoja, yale ya kusahihisha sentensi yametolewa na ya kujaza nafasi hayapo. Fanyeni pasaji pamoja mbishane kwa sauti kwa nini jibu fulani ni la uongo. Kadi zako za maneno baki nazo mwenyewe.

Kazini naongea Kingereza kutwa nzima, naandika ripoti na imeili, sijawahi kupata shida, ila mtihani wa majaribio umenidhalilisha. Mwalimu, Kingereza changu ni kibovu?

Hapana, Kingereza chako kina kazi nyingine. Imeili ya ofisini imeandikwa ili ieleweke mara moja na mtu mwenye haraka, pasaji ya GRE imechaguliwa kwa sababu haieleweki mara moja. Tena wewe una tatizo ambalo mwenye Kingereza cha wasiwasi hana, unasoma kwa spidi ya mtu aliyezoea, unaruka "hardly", unaruka "far from", unaruka "if anything", na maneno madogo kama hayo ndo yanayogeuza maana nzima. Wiki mbili za mwanzo sahau saa kabisa. Fanya maswali ya kujaza nafasi polepole, na kila sentensi pigia mstari lile neno linalogeuza au linaloendeleza wazo kabla hujajibu, alafu angalia mangapi kati ya uliyokosa ulikosa kwa sababu ya neno usilolijua na mangapi ni kwa sababu uliliruka. Nadhani kundi la pili litakuwa kubwa, na likiwa hivo niandikie tena kabla hujanunua listi ya mtu.