Nyie mnaoanza virutubisho vya mimea, asali peke yake haiwalindi

Jamani nyie mnaoanza hii kazi ya unga wa mlonge, asali ya tangawizi, mchanganyiko wa saumu na limao na vinginevyo, ngoja niwape yaliyonikuta, maana mi nilianzia jikoni kwangu hapa Morogoro na blenda moja na kichwa kimejaa "vya asili haviharibiki".

Oda yangu kubwa ya kwanza ilikuwa chupa 40 za asali, tangawizi, saumu na limao, vyote vibichi, nimesaga nikamimina asali juu, najiamini kabisa kwa sababu nani hajui asali haiozi. Siku ya tisa mteja wa Dar ananipigia, "dada, dawa yako imetapika kabatini." Nikajua ananitania. Nikaenda kufungua moja ya zilizobaki, kifuniko kikaruka, povu likanimwagikia mpaka kwenye kiwiko na harufu ni ya pombe kabisa. Hela nilirudisha zote.

Kumbe asali inajilinda kwa sababu maji yake ni machache, yakishazidi asilimia 20 hivi, hamira zilizolala mle ndani zinaamka zinaanza kula sukari. Sasa tangawizi mbichi sehemu kubwa ni maji, limao ndo usiseme, yani kinga nimeivunja mwenyewe alafu nikaibandika lebo nzuri juu. Siku hizi tangawizi na saumu nakausha mpaka vinavunjika, nasaga, ndo naingiza kwenye asali, na limao natumia maganda makavu. Anayetaka mbichi namtengenezea kichupa kidogo cha friji, amalize mapema.

Saumu mbichi kwenye mafuta ya kukaa shelfu mi sifanyi na nawaomba msifanye. Kuna bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa kupooza unaoweza kuua, anayependa pasipo na hewa wala uchachu, na sumu yake hainuki, haina ladha, mteja anameza tu. Kwenye vitu vya majimaji mlinzi ni uchachu, pH (namba ya kupimia uchachu, ikishuka uchachu unazidi) iwe chini ya 4.6, mi sivuki 4, na nanunua kipimo, sionji kwa ulimi. Alafu chochote chenye asali andikeni kwenye lebo asipewe mtoto chini ya mwaka 1.

Mtaambiwa wekeni karafuu, wekeni vitamini E, wekeni rozimeri. Karafuu kweli inapigana na vijidudu, ila kiasi cha kuzuia fangasi peke yake ukikiweka hakuna atakayeweza kumeza hiyo dawa yako. Vitamini E na rozimeri kazi yake ni kuzuia mafuta yasichache, kwa hiyo kwenye mafuta ya mlonge au ubuyu sawa, lakini ukungu haviugusi, na hapa ndo wengi wanapotea. Ile dondoo ya mbegu za balungi inayouzwa mtandaoni kama kihifadhi cha asili ndo kichekesho, baadhi zilipopimwa maabara zilikutwa na kemikali za viwandani kama benzethoniamu kloraidi, na wewe umeshaandika "hakuna kemikali" kwenye chupa.

Unga wa mlonge hauhitaji kuongezwa kitu, unahitaji ukavu tu. Anikeni kivulini penye upepo, jua kali linakula vitamini na rangi inakuwa kama majani ya chai, jani likauke mpaka ukilifikicha linalia. Kosa langu la pili lilikuwa hapa, nilikuwa napaki unga ukiwa bado na joto la mashine, mvuke unagandia ndani ya pakiti, wiki mbili unakuta mabonge ya kijani yananuka chumba kilichofungwa. Uacheni upoe kabisa, alafu chukueni kidogo mweke kwenye chupa ya kioo kavu, fungeni, wekeni juani saa moja, mkiona jasho ndani ya kioo rudisheni unga kwenye chekeche la kukaushia. Ukishaota ukungu mwaga wote, usichekeche mabonge ukauza uliobaki, sumu kuvu ukichemsha haitoki.

Na kila nikipika naacha chupa moja ya hiyo bechi kwenye shelfu, tarehe imeandikwa kwa maka pen, siigusi. Mteja akipiga simu kulalamika naenda kufungua ile ya bechi yake kwanza ndo namjibu.