Mdogo wetu anataka kuhamia kwa wenye mgahawa

SWALI: Dada, salamu kutoka Tanga. Mdogo wetu wa mwisho anasoma chuo Marekani, mji wa Chattanooga. Tangu afike anatusifia mgahawa mmoja karibu na chuo unaitwa Yellow Deli, eti sandwichi tamu, bei nafuu, wahudumu wana upendo ajabu. Siku hizi Ijumaa jioni anaenda kwao kuimba na kucheza, na juzi kasema anafikiria kuacha chuo akaishi nao maana wanaishi kama Wakristo wa kwanza. Hao ni kina nani? Mama hali chakula.

JIBU: Pole sana dada, na mama mfikishie shikamoo yangu.

Yellow Deli ni ya kikundi cha dini kinaitwa Twelve Tribes, kilianzishwa hapo hapo Chattanooga mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mtu anaitwa Gene Spriggs, ambaye alifariki 2021. Mgahawa walianza nao tangu enzi hizo, baadaye wakahamia kijiji cha Island Pond kule Vermont, halafu 2008 wakarudi Chattanooga wakafungua tena. Wako pia Australia, Uingereza, Ufaransa na kwingine. Wanaume wanafuga ndevu na kufunga nywele nyuma, Yesu wanamwita Yahshua, Sabato wanaishika, na anayeingia anapewa jina jipya la Kiebrania.

Sasa hela. Wanafuata Matendo ya Mitume sura ya 2 na ya 4, kwahiyo anayejiunga anatoa alichonacho chote kinaingia kwenye mfuko mmoja, halafu anafanya kazi mgahawani au shambani au kwenye ujenzi bila mshahara, analishwa, analala, anavishwa, basi. Sheria ya kodi ya Marekani inavitambua vikundi vya namna hii tangu 1936, kikundi chenyewe hakilipi kodi ya mapato kama kampuni, kila mwanachama anahesabiwa fungu lake kwenye makaratasi hata kama mkononi hajashika senti. Huo upendo anaouona mdogo wako naamini wengi wao wanao kweli, ila ajue yule anayemletea chai hana akiba yoyote, na akiamka siku moja akasema naondoka baada ya miaka 20 anatoka mikono mitupu, bila cheti, na ndugu alishaachana nao zamani. Hapo ndipo penye uzito dada, kuingia ni rahisi mno na kutoka ni kuanza maisha upya.

Watoto ndio wananiuma zaidi. Kikundi hakifichi kwamba kinafundisha kuwachapa watoto kwa fimbo nyembamba, tangu wadogo kabisa. 1984 polisi wa Vermont waliwachukua watoto 112, jaji akawarudisha siku hiyo hiyo kwa sababu ushahidi haukutosha. Lakini Ujerumani 2013 mwandishi wa habari aliingia na kamera za siri akaonyesha watoto wanavyochapwa, serikali ikawachukua watoto kama 40, wazazi wakaenda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na 2018 mahakama ikasema Ujerumani haikukosea. Na 2001 kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder iliacha kufanya nao biashara baada ya kugundulika watoto wanafanya kazi kwenye shughuli zao.

Halafu kuna hili, kijana wa Kiafrika aliulize mapema: mafundisho ya Spriggs yalisema uzao wa Hamu mtoto wa Nuhu, yaani sisi weusi, ulipangiwa kutumikia wengine, na utumwa akauongelea kama kitu kilichowafaa watu. Mgahawani hawakuambii hayo.

Najua tangu Shakahola ya 2023 kila mzazi akisikia neno kikundi moyo unaruka, ila hawa sio wale, hakuna anayefungiwa porini afe njaa, na wengi wametoka na wanaongea hadharani. Kwahiyo msimtishe na msimwambie achague kati yenu na wao, maana mkimkatia simu mnawasaidia wao. Mpigie kila wiki, muulize kwa upole: ukitoka mwaka wa tatu unarudishiwa nini, nani anaamua uoe nani, mtoto wako atasoma wapi.

Na kama yuko kwa viza ya mwanafunzi, hili mwambie leo leo. Akiacha masomo viza yake inapoteza uhalali, na kufanya kazi nje ya chuo bila kibali kunaweza kumharibia hata kama halipwi. Paspoti akae nayo mwenyewe, na kabla hajaandika barua yoyote ya kuacha chuo aende kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni awaeleze.