Kabla hujapiga Windows upya, angalia betri ya saa

Kibanda changu cha steshenari kipo Mwanjelwa, Mbeya, na kompyuta zake mbili za mezani ni za mtumba. Mwaka jana moja ilianza vituko. Kila asubuhi nikiwasha inakuja skrini nyeusi, inataka nibonyeze F1. Nikibonyeza inaendelea, ila tarehe ni 1 Januari 2009. Tovuti zikagoma kufunguka, maana vyeti vyake vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa saa ya mashine yangu vilikuwa havijaanza. Fundi akapiga Windows upya. Kesho yake, 2009. Akapiga tena, akala hela mara ya pili. Siku hiyohiyo mama mmoja niliyemchapia barua akarudi nayo mkononi: "Mwanangu, hii umeniandikia mwaka gani?" Programu ilikuwa imejaza tarehe yenyewe.

Kumbe ni betri tu, ile ya duara iliyokaa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Ndiyo inayoendesha saa na kushikilia mipangilio ya bayosi, ile programu ya kwanza inayoiamsha kompyuta, umeme usipokuwepo. Plagi ikiwa na umeme, hata kompyuta ikiwa imezimwa, saa hula umeme wa ukutani na betri inapumzika. Sasa sisi huku, kuanzia Novemba mvua na radi zikianza, nani anaacha soketi imewashwa usiku? Nazima kila jioni, na betri inabeba mzigo peke yake. Bado nazima. Betri ni rahisi kuliko mazabodi.

Kubadilisha ni kazi ya dakika kumi. Chomoa plagi, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu, shika chuma cha kasha kwanza. Juni na Julai, hewa kavu na sweta la sufu, mwili unatoa cheche zinazoweza kuua vifaa. Sukuma kibanio cha pembeni, betri itaruka yenyewe. Usiichokonoe kwa bisibisi. Mpya ikae upande wa jumlisha juu.

Kompyuta nyingi hutumia betri ya CR2032: volti 3, upana milimita 20, unene 3.2. Soma namba kwenye ile ya zamani. Mimi niliuziwa CR2025, upana uleule lakini unene milimita 2.5, ikawa inachezacheza. Kama una mita ya kupimia volti, ipime dukani. Mpya isomeke volti 3 au zaidi kidogo.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye kompyuta ya pili, iliyokuwa nzima. Nikasema nibadilishe na hii kabisa, bila kupiga picha kurasa za bayosi. Mipangilio ikarudi ya kiwandani, namna ya kusoma diski ikabadilika kutoka IDE kwenda AHCI, na Windows ikaishia skrini ya bluu. Nusu siku wateja wakaenda kwa jirani. Piga picha kila ukurasa kwa simu kwanza.

Betri ya zamani izungushie selotepu, iweke mbali na watoto kabisa. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Kimbia hospitali, usisubiri dalili.

Ukishaweka mpya, ingia bayosi urekebishe tarehe. Ikipotea tena wakati betri inasoma volti 3, angalia kibanio kama kinagusa sawasawa. Kikiwa sawa, shida ipo kwenye mazabodi yenyewe, mpelekee fundi. Si yule wangu.